Kitana cha Msusi

Msusi wetu hamwamini mtu, hata wifi yake wanayesuka naye chumba kimoja. Kifundo cha mkono kilipomuuma, alikikanda kwa barafu, akakifunga bandeji, basi. Wifi akamwonya, "Vidole vikianza kufa ganzi, nenda hospitali."

"Ili ubaki na wateja wangu? Thubutu!"

Jana, katikati ya kichwa cha mteja, akageuka mbogo. "Wifi, rudisha kitana changu! Nilijua tu wewe ni mdokozi!"

Mteja akamtazama kwenye kioo. "Dada, si hicho umekishika?"

Msusi akaangalia vidole vyake. Kitana kilikuwa humo humo, wala hakukihisi.

Akachukua mkoba. "Wifi, nakwenda hospitali. Malizia kichwa hiki, lakini ujue huyu bado ni mteja wangu."