Sponji niliyoiosha bombani

Leo, katika duka la samaki wa kufuga, mtaa wa Kakoba mjini Mbarara, nimekiri kosa nililolificha mwaka mzima.

Samaki wa binti yangu Furaha, aliowafuga kwenye tangi la kioo, walikufa wote siku moja. Akamlaumu jirani yetu wa kambini Nakivale, Mama Goreth, kwamba alitia sumu. Hawasalimiani tangu hapo.

Leo tulikwenda Mbarara kununua tangi jingine. Furaha hakutazama ukubwa wala bei.

"Nataka ya kufunga na kufuli. Jirani yangu ni mubaya."

Muuzaji akacheka, akatuonyesha filta, yenye sponji ya kuchujia maji.

"Madamu, hii sponji usioshe na maji ya bomba. Ile dawa ya maji inaua vidudu vizuri vya kusafisha tangi. Samaki wote watakufa."

Sponji ya tangi la Furaha niliiosha mimi, bombani, nikidhani namsaidia. Nami nimefundisha sayansi! Nilielewa wiki ileile, nikanyamaza.

Lakini moyo wangu mgonjwa haunipi muda tena. Nikasema yote.

"Papa, ulikuwa unanisikia nikimutukana Mama Goreth?"

"Nilikuwa nasikia."

Furaha akamgeukia muuzaji. "Kufuli, acha."

Sasa tumerudi Nakivale, nami nimeketi kwa Mama Goreth. Anachemsha chai, bado hajui.

Ninyi mngeanzaje?