Mchungwa Uliopogolewa kwa Ratiba ya Likizo

Karani mmoja wa masjala, mtu na heshima zake, aliamini kwamba miti hupogolewa mwezi wa likizo yake. Habari za kusubiri mavuno yaishe, au mti upumzike wakati wa ukame, hizo aliwaachia wasio na ajira. Kazini mkubwa alijichagulia mwezi mzuri, wapambe wa mkubwa wakagawana iliyobaki, naye karani akatupiwa ule ambao hakuna aliyeutaka, mwezi wa mvua za kwanza. Na mvua za kwanza ndipo mchungwa wa nyuma ya nyumba ulipojaa maua meupe, nyumba nzima ikanukia. Basi karani anaamka, anavaa bukta, anashika msumeno, na kabla chai haijapoa maua yote yako chini. Kazi safi kabisa! Kisha mwaka uliobaki anasimama mbele ya mti, mikono kiunoni, na kuutangaza tasa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa dirishani, na kutoka hapo aliyatazama mauaji hayo kila mwaka huku akipinda suruali za watu. Mchungwa aliupanda yeye kwa mkono wake. Alitamani kula chungwa la kwake, hata moja, hata likiwa kali la kukunja uso.

Hatimaye karani akastaafu. Fundi akashusha pumzi, akidhani sasa mume ana mwaka mzima wa kuchagua. Thubutu! Mwezi ule ulipokaribia, mzee akaanza kunoa msumeno. Juu ya hayo mtoto wao wa kiume, aliyenunua gari kabla ya kufikiria ataliweka wapi, akagundua kwamba nyuma ya nyumba ya wazazi wake pangelitosha sana, kama si ule mti.

"Mama, mti wenyewe hauna faida," alisema. "Msimu huu usipozaa, naukata."

"Sawa, mwanangu." Fundi alikuwa na pini mdomoni, vinginevyo angejibu mengine.

Asubuhi maua yalipofunguka, mzee alikuwa ameshavaa bukta. Fundi alimkuta mlangoni na msumeno wake. Kubembeleza alishajaribu miaka nenda miaka rudi, na kununa pia. Na safari hii maua yakianguka, shoka la mwanawe linafuata. Akajinyoosha, akakunja uso kama mkubwa aliyekaa nyuma ya meza yake.

"Likizo yako imesimamishwa."

Mzee akaganda. "Na nani?"

"Imetoka juu. Kuna kazi za dharura. Utaarifiwa."

Mtu mwingine angeuliza juu wapi, kwa kuwa juu ya kichwa cha mkewe palikuwa na mabati tu. Huyu aliweka msumeno chini taratibu. "Hawa watu bwana," alinung'unika, "kila mara ni mimi." Akaenda kuvua bukta. Fundi alimwonea huruma ghafla, na huruma yenyewe ikamkera, akampa kopo la vifungo avipange kwa rangi.

Mvua zikaendelea, vifungo vikapangwa na kupangwa tena. Maua yakapukutika yenyewe, yakaacha vichungwa vya kijani. Mzee ndiye aliyeviona kwanza, akamwita mkewe nje.

"Kumbe huu mti ni mzima?"

"Siku zote."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu zamani."

"Mbona hukuniambia, mama watoto?"

"Nilikuambia. Ukasema nilete kwa maandishi."

Mtoto wao akaingia wakati huohuo na futi mkononi, akaanza kupima ardhi bila hata kuinua macho.

"Gari lako katafute pa kulilaza," baba akamwambia.

"Lakini baba, tulikubaliana na mama..."

"Nimesema."

Fundi alirudi kwenye mashine yake, akashindwa kutunga uzi kwa machozi. Alifurahi, na papo hapo alikuwa na hasira ya miaka yote ile. Nje, mtoto alipoondoka, alimsikia mumewe akizungumza na mchungwa kwa sauti ya chini. Alikuwa anauomba radhi, kwa adabu na kwa kirefu, kama mtu aliyekosea mbele ya mkubwa. Fundi akaacha sindano, akakaa kusubiri zamu yake.