Shujaa Aliyempiga Ngumi Mtu wa Shimoni

Yule shujaa alivaa chupi juu ya suruali, na hilo peke yake lingetutosha kujua kwamba kuokoa dunia kutamshinda. Joho lake jekundu lilinasa kila mahali. Likinasa kwenye nguzo ya taa, shujaa ananing'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, na wewe unabonyeza vitufe vyote mpaka kidole kinakufa ganzi.

Gemu yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la vitenge, sokoni Mbinga. Mwenye duka alikuwa mzee ambaye babu yake alitoka pwani. Mpaka leo anatuita sisi "watu wa bara", wakati yeye mwenyewe kazaliwa hospitali ya Litembo kama mimi. Tangu biashara iwe ruksa, duka lake lilijaa redio, viatu vya plastiki, saa zinazopiga kelele zenyewe, na mwishoni ile mashine. Aliiweka nyuma ya pazia, na jenereta uani. Duka la jirani walikuwa wanauza usipa waliokaushwa kutoka ziwani. Ukicheza pale unarudi nyumbani unanuka petroli na samaki, halafu unamwambia mama kwamba ulibaki shule kujisomea.

Hatua ya kwanza ilikuwa mji. Ya pili ukungu, ambao sisi ulituchekesha, maana ukungu tunao wa kutosha nyumbani. Ya tatu ilikuwa uwanja mkubwa wa mashimo, na katika shimo moja kulikuwa na mtu anapunga mikono.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani halijafanywa na mtoto yeyote mwingine duniani. Tuliruka ndani ya mashimo kwa furaha. Sisi ni Wamatengo, mlima kwetu hulimwa kwa ngolo. Unaona mashimo yamepangwa safu kwa safu mpaka bondeni, maji ya mvua yanatulia humo, udongo hauteremki, na maharage yanaota kwenye matuta. Shimo ni mahali pa heri.

"Ingia shimoni, ndiko salama!" tulipiga kelele.

Shujaa akaingia. Akafa.

"Nyie watu wa bara mna nini na mashimo?" mzee akauliza kutoka dukani.

Tukajifunza kwamba shimo la kuingia ni lile lenye mtu tu. Unamfuata, unamshika, unaruka naye. Lakini aliyetengeneza gemu ile, sijui alikuwa na hasira na nani. Kitufe cha kushika ndicho hichohicho cha kupiga ngumi. Ukibonyeza kwa upole, shujaa anamshika mtu. Ukizidisha kidogo tu, au pedi ya kuchezea ikiwa na jasho la aliyekutangulia, anamtandika ya kidevu. Mtu anarudi chini, na shimo linajifunga polepole juu yake, huku anapunga mikono. Muziki unaendelea uleule wa furaha.

Tulicheka mpaka machozi. Tulicheka karibu mwaka mzima.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa mtoto wa baba mdogo. Kwetu huyo ni mdogo wangu kabisa, ingawa ananizidi urefu, na tulikuwa kidato kimoja. Msimu ule wanunuzi wa kahawa walikuja na magari yao na mizani yao, na kila gari lilikuja na bei ya chini kuliko lililotangulia. Baba mdogo aliuza, akaziangalia zile noti, akafunga mfuko, akaenda Tunduru kuchimba vito. Siku ya kuondoka alimwambia mama mdogo mbele yetu, "Nitarudi kulaza nyasi."

Ahadi hiyo kila mtu anaielewa. Mwezi wa tatu, kabla ya maharage, baba wa nyumba anafyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa miraba. Ndipo wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Kwetu mwanamke hanyanyui jembe kabla ya mumewe kulaza nyasi, na mwanaume halazi nyasi za shamba la mwenzake aliye hai. Nimeona mara moja tu wanaume wa ukoo wakiingia pamoja kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba alikuwa amezikwa wiki ileile.

Kutoka Tunduru ilikuja salamu moja, kwa mdomo wa dereva wa lori. Halafu kimya. Mvua zilipokolea, watu wazima walianza kuongea Kimatengo cha chinichini, na sisi tukiingia wanauliza kama tumefunga mbuzi. Lakini kimoja nilikisikia. Kule wanachimba mashimo marefu, na mvua ikinyesha kingo zinakatika.

Mdogo wangu akawa anaicheza hatua ya tatu tu. Anakimbiza mji, anakimbiza ukungu, akifika kwenye mashimo anapunguza pumzi.

"We, umempiga tena," nikamwambia siku moja. "Huyo mtu alikukosea nini? Alikunyima ugali?"

Wenzetu wakaangua kicheko.

"Nyamaza."

"Basi angalau mwombe radhi kabla shimo halijafunga."

Aliweka pedi chini, tukaondoka. Njiani, kwenye mwinuko wa kwanza, akasema bila kunitazama, "Nikimtoa huyu, baba anarudi."

Mimi huwa sikosi neno. Siku hiyo nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi, zuri kabisa, nikalimeza. Tukapita kando ya shamba lao. Mashamba ya majirani yalikuwa yameshalazwa nyasi, yamepangika kama daftari la hesabu. Lao lilikuwa limesimama nyasi tupu, ndefu, zinatikisika peke yake.

Ijumaa moja baada ya shule mvua ilitufungia dukani. Mdogo wangu alifuta vidole kwenye shati, akaifuta na pedi. Alipofika kwa yule mtu alibonyeza kwa ukucha, kama anayegusa jicho. Shujaa akamshika. Wakapanda. Joho likagusa ukingo, likanasa, tukaacha kupumua. Likajitoa.

Mtu akasimama juu, nje ya shimo.

"Umemtoa?" Mzee alikuwa amepita pazia bila sisi kumsikia.

Skrini ikawa nyeusi. Kisha ukaja mji ule wa mwanzo, na shujaa na chupi yake, kila kitu upya.

"Ndiyo hivyo tu?" mzee akasema. "Hata hongera hakuna?"

Mdogo wangu hakumsikia. Alikuwa ameshatoka na mkoba kichwani, mvua haijakatika. Nikamkimbilia.

Kwenye kona ambapo shamba lao linaonekana, alisimama ghafla. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Mteremko wote ulikuwa umelazwa, miraba mpaka bondeni.

"Amelaza," akasema. Halafu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Amerudi! Si nilikwambia? Baba! Baba!"

Akakatiza shambani, anaruka kutoka mstari hadi mstari. Na mimi nikaruka nyuma yake, nikapiga kelele vilevile. Niliiamini gemu ile mbovu kwa moyo wote.

Katikati ya shamba niliangalia chini. Baba mdogo hulaza miraba midogo, imebana, mpaka watu humtania kwamba anatandika kitanda. Hii ilikuwa mipana hapa, myembamba pale. Kipande kimoja pembe zake zilipindia kushoto, na pembe hizo nazijua, ni za baba yangu. Kila kipande kilikuwa na mkono wa mtu mwingine. Chini, kwenye ukingo, miundu ilikuwa imelazwa pamoja.

Nikainua macho. Uani walikaa wanaume wa ukoo wetu, kofia magotini. Babu alikuwa anainuka taratibu, anashikilia ukuta. Ndani palikuwa kimya. Kilio kilikuwa hakijaanza, walikuwa wanamsubiri mdogo wangu.

Bado alikuwa anakimbia, anaita. Nami nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote, bila utani wowote mdomoni, asimame tu pale juu ya nyasi, kidogo, kabla hajafika uani.