Kadi ya Mwalimu Zeddy

Sitaficha: nilimchukia Zeddy kwa sababu ya penseli.

Mwaka wa 2008 shule zilichelewa kufunguliwa kwa ajili ya ghasia za uchaguzi. Tuliporudi, darasa langu la nne hapa Rongai lilikuwa na watoto themanini na wanne, wengine wamekimbia kwao bila hata daftari. Nilinunua penseli arobaini na mbili kwa mshahara wangu, nikazikata katikati kwa wembe, kila mtoto nusu. Hakuna aliyenisifu.

Zeddy alihamishiwa kwetu Februari kutoka Subukia, akapewa darasa la tatu, ukuta mmoja na langu. Mwanamke mfupi, mcheshi, asiyejua aibu ni nini. Wiki ya pili tu alikunja karatasi ya manila akaifanya kadi ya harambee, ila yeye hakuomba pesa, aliomba vitu. Mwenye kinu cha posho akaandika jina lake na madaftari sita. Fundi wa viatu akaandika chaki. Mayur, mwenye duka la vitabu Nakuru mjini, akampa katoni ya penseli pamoja na kalenda za mwaka huo ambazo wateja hawakuja kuchukua. Zeddy akazigeuza, akaandika chati upande mweupe, akazitundika ukuta mzima. Nilizisoma dirishani kila nikipita. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Paredi ya Ijumaa, mwalimu mkuu, Bwana Kemboi, alimsimamisha mbele tumpigie makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nilijiambia, nikangoja kwa hamu hayo maji. Hayakuja. Kilichokuja ni Kimberly wa darasa langu, mtoto mwerevu, kuniuliza kwa nini sisi hatuendi kuomba kama Madam Zeddy.

Siku hiyo hiyo nilikwenda ofisini. Nilimwambia Bwana Kemboi kwamba kadi ile haina muhuri wa chifu, na kwa jinsi watu walivyokuwa wakishukiana wakati huo, kesho wangeuliza shule inachangishia upande wa nani. Kila neno lilikuwa kweli. Mwenye ubaya nilikuwa mimi. Kemboi, mwoga wa fununu tangu zamani, alimnyang'anya Zeddy kadi, akapiga simu madukani kwamba wasitoe kitu mpaka chifu apige muhuri. Kisha akanipa kadi niifungie kabatini, kwa kuwa ufunguo ulikaa kwangu.

Niliifungua. Ndani yalikuwa majina ya waliochangia darasa la tatu. Nyuma, kwa mwandiko wa Zeddy: Darasa la Nne, watoto 84. Chini yake Mayur alikuwa ametia sahihi: penseli 84, madaftari 84, kuchukuliwa Jumatatu.

Nilimfuata darasani, kadi mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa, Madam Sally. Wewe hupendi kuombewa."

Hakuwa na hasira. Alichoshangaa ni nani aliyempelekea hedimasta maneno. Nikasema sijui.

Muhuri ulichukua wiki tano, maana kwa chifu kulikuwa na foleni ya watu wenye shida kubwa kuliko penseli. Zeddy alipofika Nakuru, Mayur alikuwa amekwisha kuvitoa vile vitu kwa watoto wa kambi ya waliofurushwa. Nani angemlaumu? Watoto wangu walikuwa wamefika kwenye vipande ambavyo hata kidole hakishiki, na wengine walikaa tu wakinitazama nikiandika ubaoni.

Kesho yake asubuhi Zeddy aliingia darasani kwangu na mkebe wa mafuta ya Kimbo. Ulikuwa umejaa penseli za darasa la tatu, zote zimekatwa katikati.

"Nusu zimebaki kwangu, nusu zako," alisema. "Hii ya wembe nimejifunza kwako. Nilikuona dirishani ukigawa nusu zako siku yangu ya kwanza hapa, nikasema huyo ndiye mwalimu. Hata ile kadi niliianza kwa sababu yako."

Tangu Januari nilikuwa nikingoja mtu mmoja tu aniambie neno hilo. Nilipokea mkebe, nikasema asante, nikaanza kugawa kuanzia dawati la mbele. Ya ofisini sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia.