Kavira alinisemea kwa patron

Leo nimeenda kuomba kazi ya kuongoza batu, nikatoka na kazi ya kuongozwa.

Ilikuwa ku dépôt moja, gala ya kahawa, hapa Butembo. Balikuwa banatafuta mama wa kuongoza bale banachagua kahawa, banatosha mbegu mbaya.

Patron, mwenye dépôt, akaniuliza: "Mama, ulishaongoza batu?"

"Ndiyo, papa. Kule Mangina niliongoza bamama makumi mbili ba kukausha kakao."

"Attestation, karatasi ya ile kazi, iko wapi?"

Nikamuambia ilibakia kule, siku tulikimbia vita.

"Basi pigia mumoja wao, tusikie."

Nikapigia Mama Kavira, nikaweka haut-parleur ili bote tusikie, patron akamuuliza juu yangu.

"Huyu mama? Ni mukali. Nilichanganya kakao mubichi na ya kukauka, akanirudisha nyumbani. Nililia."

Nilitaka kukata simu.

Lakini Kavira akaendelea: "Kesho yake akanifundisha polepole kupasua mbegu na kuangalia ndani kama imekauka. Na siku ya kukimbia alituhesabu bote kabla ya kutoka. Hakuacha mutu."

Patron akasema: "Mama, unajua kazi. Lakini ile nafasi nilishaipatia dada ya muke wangu. Ya kuchagua kahawa ndiyo iko."

Nikaitika, nikaikubali. Batoto banakula kila siku.

Nilipofika inje, Kavira akanipigia: "Niliharibu?"

Nikamuambia hapana, ulisema muzuri.

Donc kesho asubui nitaikala chini na bengine, nichague kahawa. Nimechoka, bandugu. Nyinyi mungeitika?