Nyota Iliyompindua Senge

Darasa letu la kompyuta lilikuwa Kitale, ghorofani juu ya duka la mbolea, na benchi yangu niliigawana na mwanaume mmoja wa kijiji cha Bokoli ambaye hakuweza kukaa bila kumchokoza mtu. Ukienda msalani, unarudi unakuta herufi za kompyuta yako zimekuwa kubwa kama sahani. Ukimgombeza, anakuuliza kwa upole, "Si nilitaka uone vizuri?"

Tulikuwa tunajifunza kutengeneza kurasa za mtandao. Faili moja hubeba maneno na picha, na faili nyingine, inayoitwa CSS, huyavalisha maneno hayo nguo: rangi, ukubwa, mahali pa kukaa. Kila amri katika CSS huanza kwa kumtaja anayeamriwa. Ukitaja kichwa cha habari, kinatii kichwa. Ukitaja picha, zinatii picha.

Asubuhi moja mwalimu wetu, mama mpole asiyependa kurudia jambo, akachora alama hii ubaoni: *. Mimi nyota hiyo niliijua kwenye simu, unapoangalia salio, na kwenye matangazo, pale inapokuambia kwamba bei nzuri ina masharti yaliyoandikwa chini kwa maandishi ya sisimizi. Nikasema kwa sauti, "Hiyo ni ya masharti."

"Hapa haina masharti," akajibu. "Ukiiweka mahali pa jina, umekiamuru kila kitu kwenye ukurasa." Akaandika nyota na rangi ya kijani, na ukurasa mzima ukawa kijani, mpaka vifungo. Kisha akakitaja kichwa cha habari peke yake na kukipa rangi nyekundu. Kikawa chekundu, ingawa nyota ilikuwa bado pale. "Nyota inafika kila mahali, lakini ni dhaifu. Anayeitwa kwa jina lake anafuata jina lake."

Jirani yangu alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa unakofichwa ufunguo wa ghala. Ningejua, ningehama benchi.

Wakati huo nilikuwa namtengenezea senge, dada ya baba yangu, ukurasa wake. Senge hukodisha mahema na viti vya harusi Bungoma, na ni mtu wa kuheshimiwa. Juu kabisa niliweka picha yake amevaa kitenge, amesimama mbele ya hema jeupe. Aliniambia niulete Jumamosi, kwa kuwa wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wanateremka kutoka Mlima Elgon, na alitaka waone kwamba binti ametoka kwa watu.

Basi Jumamosi hiyo, kuku wameliwa, chai imepita, nikaunganisha laptopu na televisheni ya sebuleni kwa waya. Nikafungua ukurasa.

Senge alikuwa kichwa chini. Kitenge juu, uso chini, na lile hema linaning'inia kama popo.

Mtu akakohoa.

"Mama," senge akaniambia pole pole, maana ndivyo anavyoniita, "mbona mimi naangaria chini?"

Nikakimbilia uani na simu. Yule wa Bokoli alipokea akiwa tayari anacheka.

"Umefanya nini?"

"Mimi? Angaria mwisho wa CSS yako. Si kuna nyota hapo?"

Akakiri kwamba siku moja niliposhuka kununua chapati, alikuwa ameongeza mstari mmoja: nyota, na amri ya kugeuza juu chini. Kila kitu kigeuke. Nikarudi ndani, nikawaeleza wageni kwamba ni nyota moja tu imeleta haya yote, nami naifuta.

"Ngoja," akasema baba ya bwana harusi, mkulima mrefu wa viazi. "Unasema hiyo nyota imegeuza kila kitu. Sasa mbona haya maneno ya chini yamesimama sawa?"

Nikatazama. Alisema kweli. Picha na kichwa cha habari vilikuwa miguu juu, lakini aya za chini zilisomeka vizuri kabisa, ila zilijipanga kinyume: shukrani mwanzo, karibuni mwisho. Nikampigia tena yule adui, nikaweka simu spika.

"Hizo aya ziko ndani ya sanduku," akasema sauti ya Bokoli, sasa kwa adabu maana alisikia wazee. "Sanduku limegeuzwa, na aya ndani yake imegeuzwa pia. Kitu kikipinduriwa mara mbili, si kinasimama?"

Mzee akachukua glasi, akaitia ndani ya sufuria tupu, glasi chini juu, kisha akaipindua sufuria yote kwa mkono mwingine akiishikilia glasi. Glasi ikasimama. Akacheka mpaka akajifuta macho, na sebule nzima ikamfuata.

Senge hakucheka. "Hayo masanduku yangoje. Mimi nisimamishe kwanza."

Nikamkumbuka mwalimu. Nyota nikaiacha, nikaitaja picha ya senge kwa jina lake na kuiamuru isigeuke. Senge akasimama wima juu ya kichwa cha habari kilichopinduka. "Sasa ukurasa uko sawa," akasema. "Hata dunia ikipinduka, mimi nimesimama." Akakataa nyota ifutwe mpaka kila mgeni apige picha.

Mimi nilikuwa na deni la kulipiza. Wiki iliyofuata jirani yangu alipaswa kuonyesha darasa ukurasa wake wa kwaya. Nikamwandikia mstari mmoja: nyota, na amri kwamba kabla ya kila kitu yatangulie maneno "Pole, senge." Alipofungua, ukurasa wote ukaomba msamaha. Pole, senge, sauti ya kwanza. Pole, senge, ratiba ya mazoezi. Hata mwalimu aliketi ili acheke vizuri.

Picha ya ukurasa huo nikaituma Bungoma. Senge mwenyewe akampigia jirani yangu: msamaha wa kompyuta hautambui, aje kwa miguu yake. Akaenda. Siku hiyo kulikuwa na harusi Kabuchai na mvua ilikuwa haijakoma, kwa hiyo senge akampa shoka la kupigilia vigingi vya hema na rundo la viti. Jumatatu alifika darasani na matope magotini, mikono imechubuka, akaniambia amealikwa kwenye harusi ya binti ya senge na kwamba mkwe wa mlimani anataka ukurasa wa viazi vyake.

"Tutengeneze pamoja," akasema. "Lakini CSS utaishika wewe."

Nikamwambia aanze kwa kuniletea chapati.