Miguu ya Chathukutty Gurukkal

Chathukutty aligawa barua za posta kwa miaka thelathini na sita, na kijiji chetu kizima alikizunguka kwa miguu. Baiskeli aliyopewa na posta aliiegemeza ukutani hadi ikaota kutu. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye nyayo pana kama za bata, na akikusikia unakuja kumfungulia mlango alishajua nyonga yako ipi ina kasoro. Hayo yalikuwa ya mchana. Alfajiri alikuwa Gurukkal, mwalimu wa kalari, sanaa yetu ya kale ya mapigano, na sisi wanafunzi wake tulishuka ndani ya shimo lake la udongo lililoezekwa makuti, nalo pia tuliliita kalari, mguu wa kulia kwanza, tukagusa ardhi, kisha tukainama kuigusa miguu yake.

Mimi niliigusa kwa miaka ishirini na mitatu. Nataka hilo lijulikane mapema, maana bila hilo nitaonekana mtu mbaya tu. Mbaya nilikuwa, lakini nilikuwa na sababu.

Kwenye boriti ya kalari kuna kamba. Mgonjwa hulala mkekani amepakwa mafuta ya ufuta, na mkandaji hushika kamba juu yake akamkanda kwa miguu, kuanzia unyayo hadi bega. Mguu ndio unaosikia: wapi msuli umefunga fundo, wapi umechoka, wapi unakaribia kukatika. Gurukkal alipotimiza miaka sitini, nyonga yake ikaanza kumsumbua, alinikabidhi kamba ile mbele ya watu. "Chukua, Pavi," alisema. "Mguu wako umeshaota masikio." Nilirudi kwenye ushirika wa wafumaji ninakofanya kazi kichwa kimevimba, nikawasimulia hata wasiouliza. Kwa miaka kumi na moja kila aliyekandwa pale alikandwa na Pavithran.

Ndipo wakaja wachezaji wa mpira. Klabu moja kubwa ya mjini ilichoka na majeruhi, kocha akasikia habari zetu, akaleta wanane waje wakomae kabla ya msimu. Mapaja yao yalikuwa kama magogo, lakini ukiwaambia wachuchumae mkao wa simba walitetemeka kama wagonjwa wa homa. Gurukkal alicheka hadi akakaa chini.

"Mpira umewafundisha kukimbia," aliwaambia. "Kuanguka hamjafundishwa. Mnaanguka kama nazi!"

Basi wakafundishwa kuanguka. Wakafundishwa kurusha mguu hadi kwenye kiganja kilichoinuliwa na kuurudisha polepole, kuruka na kutua bila kishindo. Wengi walinung'unika, isipokuwa Shamil, winga wa miaka ishirini na minne ambaye msuli wa nyuma ya paja lake ulikuwa umechanika mara tatu. Huyo aliuliza. Kwa nini goti likae hapa, Gurukkal? Pumzi niitoe wapi? Na Gurukkal, ambaye mimi aliwahi kunijibu "rudia" kwa mwaka mzima, alimjibu huyo kijana kama anamsimulia hadithi. Wiki ya tatu alimwonyesha ule mzunguko wa chini ambao mimi niliupata mwaka wa tisa. Janu, mke wa Gurukkal, alianza kumwekea Shamil ndizi ya kuchemsha pembeni ya uji wake wa dawa. Mimi sijawahi kuona ndizi.

Nilijikaza. Nilijiambia kwamba mwezi wa Karkidakam unakuja, mvua italainisha miili, na wakati wa kukanda atalala chini ya mguu wangu kama wengine.

Siku ya kwanza ya kukanda nilijifunga shuka kiunoni, nikaishika kamba. Shamil alikuwa ameshalala mkekani.

"Pavi," Gurukkal akasema, "huyu niachie mimi."

"Na nyonga yako, Gurukkal?"

"Nyonga yangu imepumzika miaka kumi na moja, inatosha. Kovu lake liko ndani sana, linataka mguu mwepesi. Wewe umenenepa, bwana. Ukimkanyaga huyu tutamrudisha kwao ndani ya bahasha!"

Wote saba waliobaki wakacheka. Shamil naye alicheka, uso umelala mkekani. Nikaiachia kamba. Mzee wa miaka sabini na moja akaishika, na nawaambia kweli, alipendeza kumtazama. Miguu ile iliteleza juu ya paja la kijana bila kuachana nalo hata kidogo. Nilisimama na bakuli la mafuta mkononi na roho ikaniuma. Miguu niliyoigusa maisha yangu yote haikuwahi kupita mgongoni mwangu hata mara moja.

Siku kumi na nne ilikuwa hivyo. Saba niliwakanda mimi, mmoja akakandwa na Gurukkal mwenyewe. Siku ya mwisho Gurukkal alikaa chini akihema, ameishika nyonga yake, akasema, "Nimelisikia paja hili lote. Limeungana. Halitakatika tena."

Kwetu ukikandwa siku kumi na nne, unatulia nyingine kumi na nne. Hukimbii, hulali mchana, hukai kwenye upepo, hugusi samaki. Misuli imefunguliwa na haijajifunga, na mtoto wa huku kwetu Vadakara anayelijua jina lake analijua na hilo. Lakini Shamil alitoka pwani nyingine, akadhani kutulia ni kupumzika tu, na siku ya tano ya kutulia alinikuta kisimani. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa matope, na vijana wa kijiji walikuwa na fainali yao ya mpira wa matope saa kumi.

"Kaka Pavithran," akasema, "wananisumbua niwachezee. Robo saa tu. Kuna ubaya?"

Jibu lilikuwa neno moja, na nilikuwa nalo mdomoni. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, "Ningemuuliza Gurukkal lakini amelala. Jana aliniambia mguu wangu ndio bora aliowahi kuukanda."

Nikalimeza lile neno. "Umekandwa na Gurukkal mwenyewe," nikamwambia. "Utaumizwa na nini?"

Akacheka, akanishika bega kwa shukrani, akaenda. Mimi nikamaliza kuteka maji.

Nilimfuata uwanjani, sijui kwa nini. Dakika ya sita alipokea mpira upande wa kushoto, akampita mmoja, akataka kuondoka mbio kwenye tope. Mimi ni mfumaji, nyuzi zikikatika nasikia hata kiwanda kikinguruma. Niliona tu paja likishtuka, na masikio yangu yakasikia. Alianguka vizuri, kama alivyofundishwa. Lakini hakuinuka.

Watu wa klabu walifika kesho yake. Daktari wao alilipapasa paja, akasema mbele ya kila mtu kwamba mzee ameuchana msuli kwa nyayo zake. Shamil alijiinua kwa viwiko.

"Hapana, dokta. Nilicheza mwenyewe. Hakuna aliyenituma."

"Hukujua kuna siku za kutulia?" Gurukkal akamuuliza.

Shamil alinitazama. Nilidhani sasa atanitaja. "Nilijua, Gurukkal," akasema. "Nilikuwa na kiburi."

Alinifichia siri yangu. Yule niliyemwonea kijicho alinifichia, na hata hilo nilimwonea wivu, kwamba alikuwa mtu mwema kirahisi namna hiyo. Wote wanane wakapakiwa kwenye gari, wakaondoka, na Janu akamwaga uji uliobaki chini ya mgomba.

Alfajiri iliyofuata nilishuka kalari, mguu wa kulia kwanza, nikagusa ardhi. Gurukkal alikuwa ameketi mkekani ameushika unyayo wake kwa mikono miwili, anaubonyeza kwa kidole gumba.

"Pavi, robo saa ya matope haikati paja lililoungana," akasema. "Tope tu, siku ya tano? Lingeuma, basi. Mimi nilisema limeungana. Kumbe nilikuwa sisikii kitu."

"Gurukkal..."

"Sikiliza. Miaka yote nimewaambia watu mguu hausemi uongo. Wangu umeshakuwa kiziwi na mimi sijui, nakanyaga watoto wa watu." Akainuka kwa taabu, akaifungua kamba kwenye ndoano, akaniwekea mikononi. "Chukua. Safari hii sitakunyang'anya tena."

Kamba ilikuwa na mafuta bado. Maneno ya kusema nilikuwa nayo: kwamba kijana alichomoka mbio kwa nguvu zote, mbio ambazo paja lolote lililofunguliwa lingekatika, na kwamba ni mimi niliyemruhusu; nilijua yangemrudishia miguu yake palepale.

"Ndiyo, Gurukkal," nikasema.

Nikainama kuigusa miguu yake, kama kila siku. Akairudisha nyuma, akaifunika kwa shuka.

"Acha," akasema. "Hii haina kitu tena cha kuguswa."